Nimeiona Dhoruba ya Mshtarii kutoka Kabungu, na Bado!

Rafiki yangu, hebu acha kwanza unachofanya! Nimetoka kuiona dhoruba ya Mshtarii, kwa jicho langu hili la kulia, nikiwa nimepiga goti kwenye nyasi za Kabungu, na mpaka sasa mikono haijatulia. Dhoruba! Ya sayari nyingine! Jina lake Doa Jekundu Kuu, lile tulilolikariri darasani kwa ajili ya mtihani tukalisahau kesho yake. Kumbe lipo kweli, linazunguka kweli, linatembea mbele ya macho yako kweli, tena ni pana kuliko dunia yetu nzima pamoja na bahari zake, milima yake na madeni yetu yote. Na bado!

Manake hilo doa ni sehemu tu ya mambo. Nimeona mikanda ya mawingu imejifunga kiunoni mwa sayari, mipana, ya kahawia, imechanikachanika pembeni. Nimeona vishada vya rangi ya kijivu chenye ubuluu vinaning'inia katikati. Nimeona kidoti cheusi tii kinateleza juu ya mawingu, nikapiga ukelele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia... Ngoja. Ngoja nivute pumzi nikusimulie kwa mpango, nikiweza.

Kabungu iko wilaya ya Tanganyika, mkoa huu wetu wa Katavi, si mbali na Mpanda mjini. Watu wa jembe, watu wa mahindi na mpunga, bodaboda mbili tatu, redio inaongea peke yake kibarazani. Msimu huu masika yanaelekea kukata. Mchana mawingu yanajikusanya, yanavimba, yananguruma, yanamwaga. Jioni yanajiondokea zake magharibi kuelekea Ziwa Tanganyika, na huku nyuma yanaacha anga limeoshwa, limesuuzwa, jeusi la kumeremeta. Na pale juu, upande wa kaskazini, kabla nyota nyingine hazijajipanga, amekaa yeye. Mweupe, mkubwa, mtulivu, hapepesipepesi. Umemwona mara nyingi sana ukitoka dukani na sukari mkononi, hukujua tu kwamba ni yeye. Ndiye Mshtarii, au Jupita kama walivyomwita kwenye vitabu vya shule.

Darubini ni ya mwalimu mmoja wa fizikia, rafiki wa shemeji yangu, aliyekuja nayo kwenye basi ameipakata njia nzima, hata kondakta alipomwambia aitie kwenye buti akagoma. Usiniulize kioo chake kina upana gani wala bomba lina urefu gani. Sikuuliza, na sina mpango wa kuuliza! Ninachojua ni kwamba bomba lilikuwa la baridi, lina umande, na kila aliyelishika alipigiwa kelele: "Usiguse! Tazama tu!" Kwa sababu ukiligusa kidogo tu, ukilipumulia tu, sayari inaruka, inacheza, inapotea kwenye kioo, na foleni nzima nyuma yako inalalamika.

Zamu yangu ikafika. Nikapiga goti. Nyasi mbichi, suruali ikalowa, sikujali. Nikaweka jicho.

Mwanga! Jamani, mwanga! Mweupe wa kuchoma, jicho likatoa machozi hapo hapo. Kiduara kidogo, kinatetemeka, kinachemka pembezoni, na kandoni mwake nukta nne za mwanga zimejipanga mstari mmoja ulionyooka, miezi yake minne mikubwa, Io, Europa, Ganymede na Callisto, ile ile aliyoiona Galileo Galilei mwaka 1610. Nikataka kuinuka nimwachie mwenzangu, nikidhani nimemaliza. Mwalimu akaniwekea mkono begani. "Tulia. Usitazame kwa pupa. Subiri hewa itulie." Nikasubiri. Kinatetemeka. Kinachemka. Kinatetemeka. Halafu, kwa pumzi moja tu, hewa yote kati ya Kabungu na huko juu ikakaa kimya, na kile kiduara kikawa sayari.

Sijui nikuelezeje! Mikanda miwili minene ya kahawia, mmoja juu, mmoja chini, na kati yake njia nyeupe pana, safi, ya rangi ya samli. Kule kwenye ncha kumefifia, kijivu, kumelala. Na kingo za ile mikanda, rafiki yangu, kingo zile! Hazikunyooka hata kidogo. Zimejikunja, zimejisokota, zimevutwa zikawa nyuzi, kama maziwa yanapomiminwa kwenye chai ya rangi kabla kijiko hakijaingia. Nikaziona kwa pumzi ile moja, zikapotea, zikarudi, zikapotea tena. Nikaanza kuongea peke yangu.

Sasa jua hili: yale ni mawingu matupu. Chini yake hakuna ardhi. Mshtarii karibu wote ni hidrojeni na heliamu, hakuna pa kukanyaga, hakuna mlima, hakuna pwani. Kwenye zile njia nyeupe hewa inapanda kutoka chini yenye joto, inafika juu kwenye baridi kali, na amonia inaganda inakuwa wingu la barafu. Amonia, ndiyo, hiyo hiyo inayokuchoma pua ukifungua banda la mbuzi asubuhi! Kwenye ile mikanda ya kahawia hewa inashuka, wingu jeupe linapungua, na sisi tunachungulia mawingu ya chini zaidi yenye rangi. Na kila mkanda una upepo wake. Huu unavuma kwenda mashariki, jirani yake anavuma kwenda magharibi, wanapishana bega kwa bega kwa kasi ya kutisha miaka nenda miaka rudi, na pale wanapokwaruzana ndipo vizaliwapo vile visokoto nilivyokuwa nalia navyo machozi. Mwaka 2018 wanasayansi wa chombo cha Juno, kinachomzunguka Mshtarii tangu Julai 2016, walieleza kwamba pepo hizo zimezama ndani kama kilomita 3,000. Kilomita elfu tatu za upepo kwenda chini! Hapo ndipo nilipolazimika kukaa.

Na bado! Maana wakati ninajipangusa macho mwalimu akasema, taratibu, kama mtu anayetangaza kuwa chai iko tayari, "Doa linaingia."

Linaingia kweli! Pembeni kabisa mwa sayari, kwenye ukingo wa ule mkanda wa kusini, kulikuwa na kama pengo, mkanda umebonyea kwa ndani, na ndani ya lile bonde kitu cha mviringo kimejilaza. Nakuambia ukweli rafiki yangu, si jekundu. Zile picha za mtandaoni zimekolezwa rangi mno, zinakuharibia. Lenyewe ni la rangi iliyopauka, la waridi kuelekea kwenye udongo wa tofali, laini, la haya, na ukilikodolea macho kwa nguvu linakimbia. Ukilitazama kwa pembeni kidogo linajileta lenyewe. Na mimi nasema hivyo ndivyo livutiavyo zaidi! Picha inakupa kila kitu bila kukuomba chochote. Hapa unalitafuta, unalikosa, unalipata, na ukilipata ni lako.

Kijana mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akachungulia akanyamaza muda mrefu mno, mpaka tukadhani haoni kitu. Halafu akauliza, "Sasa mbona hili haliishi? Dhoruba si zinaisha?" Swali hilo! Nilitamani nimkumbatie.

Unakikumbuka Kimbunga Hidaya, Mei 2024? TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakatutangazia asubuhi na jioni, boti za Unguja zikasimama, kikaja kutoka Bahari ya Hindi mpaka Mafia, na kilipogusa nchi kavu kikaishiwa pumzi. Vimbunga vyetu vinalishwa na bahari yenye joto. Vikipanda ufukweni, riziki imekatika, vinasambaratika. Sasa lile Doa litapanda ufukwe gani? Hakuna! Hakuna nchi kavu popote, hakuna mlima wa kulikwaruza, na kaskazini na kusini mwake pepo mbili zinazokwenda kinyume zinalisukuma lizidi kuzunguka. Ndiyo maana watu wamekuwa wakilitazama mfululizo tangu miaka ya 1830. Fikiria, kabla reli haijafika Kigoma, kabla ya mkoloni wa Kijerumani, misafara ingali inakatiza Unyamwezi kwenda Ujiji kwa miguu, lile doa liko kazini. Pembezoni mwake upepo unavuma zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Na linazunguka kinyume cha Hidaya! Vimbunga vyetu vya kusini mwa ikweta vinafuata mshale wa saa. Lile, ingawa nalo liko kusini mwa ikweta ya Mshtarii, linakwenda kinyume na saa, kwa sababu katikati yake kuna mgandamizo mkubwa wa hewa na siyo mdogo. Ni kimbunga kilichogeuzwa ndani nje. Raha iliyoje!

Lakini wahi. Wahi, nakuomba. Linapungua! Mwishoni mwa karne ya 19 lilikuwa na urefu wa kama kilomita 40,000, dunia tatu zingejipanga ndani yake. Vyombo vya Voyager vilipopita mwaka 1979 lilikuwa limeshuka hadi kama kilomita 23,000. Siku hizi dunia moja inaingia na nafasi kidogo inabaki. Tena darubini ya angani ya Hubble ililifuatilia kati ya Desemba 2023 na Machi 2024 ikalikuta linabonyea na kutanuka, linabonyea na kutanuka. Kwa hiyo usiniambie mambo ya "mwakani Mungu akipenda". Njoo sasa!

Kitu kingine ambacho hakuna aliyenitayarisha nacho ni mwendo. Mshtarii ni mkubwa kiasi kwamba dunia zaidi ya elfu moja zingeingia tumboni mwake, lakini anajizungusha mzunguko mzima kwa muda usiofika saa kumi. Saa kumi! Sisi wadogo tunatumia saa 24. Kwa hiyo nikaenda kunywa kikombe cha chai, nikarudi kwenye foleni, nikaweka jicho, na Doa limesogea. Waziwazi kabisa! Lilikuwa ukingoni, sasa limejileta kuelekea katikati, limezidi kuonekana, na nyuma yake mkanda umevurugika, umekorogeka, mapovu meupe yamejaa, unajua kabisa kwamba upepo ukifika pale unakwaa kisiki. Nikasema kwa sauti, "Linatembea!" Mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage kwa tochi ya simu akanijibu bila kuinua kichwa, "Si umesema ni upepo, baba? Upepo unakaa?"

Na kile kidoti cheusi! Nimeahidi kukuambia. Kidogo, cheusi, kina kingo kali kuliko kitu kingine chochote pale kwenye sayari. Ni kivuli cha Io. Mwezi wenyewe ulikuwa umepita kati ya jua na Mshtarii, na kivuli chake kikaanguka juu ya mawingu kikawa kinateleza. Nikakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete, na watu wakamiminika Rujewa kule Mbarali na miwani yao ya kutazamia jua. Siku ile sisi ndio tulikuwa chini ya kivuli. Usiku huu nilikuwa nakitazama kivuli kutoka nje! Yaani kama kungekuwa na mtu anaelea kwenye mawingu yale, kwake jua lingekuwa limezimika mchana. Na Io anamaliza mzunguko wake kwa muda usiofika siku mbili, kwa hiyo jambo ambalo Rujewa walilisubiri maisha yao, kule linatokea kila baada ya saa 42 hivi. Na bado!

Sasa ngoja nikueleze kilichonimaliza nguvu kabisa. Wakati sisi tumejikunja pale, kule magharibi, chini kabisa kwenye upeo, ile mvua yetu ya mchana ilikuwa bado inapigana. Radi bila sauti. Wingu zima linawaka kwa ndani, la zambarau, la dhahabu, linazimika, linawaka pembeni. Ng'ambo ya ziwa lile ni Kongo, na huko mashariki mwa Kongo, Kabare, milimani karibu na Bukavu, utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipakuta ni pa pili duniani kwa kupigwa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Wa pili duniani! Majirani zetu hao! Kwa hiyo pale Kabungu ukigeuza shingo magharibi una dhoruba, ukiinua kichwa una dhoruba, na pande zote mbili kuna radi. Ndiyo, Mshtarii naye ana radi. Voyager 1 ilizipiga picha upande wake wa usiku mwaka 1979.

Lakini sikia utamu wake. Kwetu radi ni mali ya ikweta, huku kwenye joto, jua linapochoma ardhi na hewa kupanda kwa fujo. Juno ilipokwenda kusikiliza radi za Mshtarii ikakuta nyingi ziko kuelekea kwenye ncha, na kwenye ikweta kukame! Kinyume kabisa! Sababu yake nzuri mno. Mshtarii ana joto lake mwenyewe tumboni, lililobaki tangu alipoumbwa, na anatoa joto jingi kuliko analolipokea kwa jua. Kule ikweta jua linapasha mawingu ya juu kiasi cha kutosha kuituliza hewa, isiinuke ovyo. Kwenye ncha jua ni dhaifu, hakuna wa kuizuia, na lile joto la ndani linapasua kwenda juu, linabeba maji, linapiga radi. Mwalimu anayaeleza hayo huku mikono inapaa, watoto wameduwaa, na kule magharibi wingu letu linawaka kila anapomaliza sentensi. Hata ungelipanga usingelipata hivyo. Kisha akaongeza kuhusu mvua ya mawe ya kule, mabonge laini ya maji na amonia yaliyochanganyika, ambayo wanasayansi wa Juno wanaeleza kwamba huganda juu, hudondoka, huyeyuka chini sana. Mtoto mmoja akauliza kama yanatoboa bati. Bati lipi, mwanangu!

Kwenye hizo ncha darubini yetu haikufika, wala darubini yoyote ya duniani haizioni vizuri, maana Mshtarii anatugeuzia kiuno na siyo utosi. Juno ndiyo iliyopita juu yake na kutuma picha ambazo mwalimu alikuwa nazo kwenye simu. Nilikataa kuamini. Vimbunga vinane vimekizunguka kimoja cha katikati kule kaskazini. Kusini vitano vimekizunguka kimoja, kisha mwaka 2019 kikajipenyeza kingine kidogo cha sita. Vile vikubwa kila kimoja kina upana wa maelfu ya kilomita, vimegusana mabega, havimezani, havikimbiani. Ukitazama unapata kizunguzungu cha furaha.

Na vile vishada vya kijivu chenye ubuluu? Nimevipenda sana, na naona watu hawavisifii vya kutosha. Vinatoka kwenye ukingo wa mkanda wa kaskazini, vinajipinda kuingia kwenye ile njia nyeupe ya ikweta, vyembamba, vya aibu. Pale penye mizizi yao ni kama matundu kwenye wingu, hewa kavu inashuka, joto la chini linachungulia. Na tarehe 7 Desemba 1995 chombo kidogo kilichobebwa na Galileo (hiki ni chombo cha Marekani, si yule mzee wa Italia) kilitumbukizwa kwa parachuti katika sehemu ya namna hiyo. Kilizama kikituma habari kwa kama dakika 58, kikabanwa, kikachemka, kikanyamaza. Dakika 58 ndani ya mawingu yale! Nilipokuwa navitazama vile vishada nilikuwa nafikiria hicho tu, kijasiri kile, kinashuka peke yake.

Najua utakachosema. Utasema, "Mimi nataka Zohali, yenye pete." Kila mtu anataka Zohali! Sikatai, Zohali ni mrembo, nilimwona, nikamsifu. Ila Zohali ukimwona leo, na mwezi ujao ukimwona, ni yule yule, amevaa pete yake, amepozi. Mshtarii ni hali ya hewa! Hakai kama ulivyomwacha. Mwaka 2010 ule mkanda wake wa kusini, ule mnene kabisa, ulififia ukawa mweupe, sayari ikabaki na mkanda mmoja, na mwishoni mwa mwaka huo huo ukalipuka upya kwa doa moja dogo lililotapika mawingu mpaka mkanda mzima ukarudi. Mawingu matatu meupe ya mviringo yaliyokuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 yaliungana kati ya 1998 na 2000 yakawa moja, na miaka michache baadaye nalo likaiva wekundu kama kaka yake mkubwa. Julai 1994 vipande vya nyota-mkia Shoemaker-Levy 9 vilimgonga kimoja baada ya kingine vikaacha makovu meusi mawinguni, na watu wenye darubini ndogondogo waliyaona. Mtu wa TMA akihamishiwa huko hatalala! Kwa hiyo niache na Mshtarii wangu.

Haya, unakujaje. Treni ya kutoka Tabora kupitia Kaliua inafika Mpanda, mabasi yapo, na kutoka Mpanda mpaka Kabungu ni boda tu. Na nikuibie siri ambayo wapenzi wa nyota hawapendi kuisema: kwa Mshtarii, giza si lazima. Ana mwanga wa kutosha hata ukiwa Kariakoo chini ya taa. Kinacholipa huku kwetu ni hewa iliyotulia, baada ya mvua, vumbi limelala, moshi wa mapishi umeshapita. Na paa la bati! Usithubutu kuweka darubini ukamtazama Mshtarii juu ya paa la bati. Bati limekula jua mchana kutwa, usiku linalirudisha, na hewa iliyo juu yake inachemka. Sayari inakuwa uji. Sisi tulianza pale mbele ya nyumba, tukaona ovyo, tukahamia kwenye nyasi nyuma ya shamba, na tofauti yake ilikuwa ya usiku na mchana. Sakafu ya saruji nayo ina tabia hiyo hiyo. Nyasi, rafiki yangu, nyasi!

Kuhusu saa, ukiliona Doa leo katikati ya sayari saa mbili usiku, kesho saa hiyo hiyo hulipati, limegeukia nyuma. Njoo keshokutwa, na uchelewe kama saa moja na dakika 40 hivi, litakuwa limerudi pale pale. Huna darubini? Ile ya macho mawili wanayotumia waongozaji wa watalii pale Sitalike kuhesabia viboko inatosha kukuonyesha ile miezi minne, mradi uegemeze viwiko kwenye mti. Mikanda haitakuonyesha, lakini utashikwa, halafu utamtafuta mwenye darubini mwenyewe bila kusukumwa na mimi. Na simu usihangaike nayo. Kila mtu pale alijaribu kuibandika kwenye kioo, na kila mtu alipata donge jeupe lenye ukungu, akalituma kwa ndugu zake Dar es Salaam, wakamuuliza ni taa ya nini.

Mwalimu yupo mpaka shule zifunguliwe, na ameshasema mvua ikikata kabisa ataibeba darubini mpaka Karema, ufukweni mwa ziwa, atazame hewa ya pale ikoje. Mimi nimeshajiandikisha, jina la pili baada ya yule kijana wa kidato cha pili, ambaye amekataa katakata kuwa wa pili. Wewe nikuandike wa ngapi? Jibu upesi, na ukija uje na kigoda chako na sweta, maana watoto wa Kabungu wakishapata zamu kwenye kile kioo hawabanduki, na bibi zao wameshaanza kupanga foleni nyuma yao!